Magoti ya Mhunzi

Ilianza siku ya posho, yaani Jumamosi, mwezi wa kumi 1998, saa tisa na dakika ishirini alasiri, kwenye benchi mbele ya duka la baba wa rafiki yangu wa kike. Watu wa kwao, Waislamu, walitoka Maniema zamani. Sisi ni Wamethodisti, baba yangu mwalimu. Tangu vita vianze treni hazikuwa na siku maalumu, na vitabu vya katuni vya shujaa aitwaye Mhunzi vilitufikia bila mpangilio. Mimi, nisiyeweza kujibu hata darasani, ndiye niliyevisoma kwa sauti, nikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili. Ilikuwa nafasi yangu pekee ya kusikilizwa.

Siku hiyo kilifika cha saba. Tulikisoma tukiwa tumechoka. Asubuhi nzima tulikuwa kwenye foleni ya unga, malori ya askari yakitupitia na vumbi lake. Katika kitabu hicho Mhunzi anamwambia mama yake kwamba katika kitabu cha tatu, alipopigana na adui yake Kapteni, nyundo aliiangusha kwa makusudi, maana watoto walikuwa wamefungwa nyuma ya ukuta.

"Si nilisema?" rafiki yangu akasema. Mwaka mzima alikuwa amemtetea Mhunzi, na kaka yangu mkubwa na wenzake walimwita bibi ya mwoga, yaani mke wake. "Hakushindwa. Alikubali kupigwa."

"Bongo hiyo, uongo tu," kaka akajibu. "Wachoraji njo banageuza leo, ni wao. Siku ile hawakufikiri uongo kama huu."

"Angalia cha tatu. Macho yake iko ku ukuta."

"Anatafuta pa kukimbilia. Na magoti aliyopiga? Alilia, akaomba huruma kwa jina la mama yake. Muntu anaficha siri na kamasi?"

Wakacheka. Rafiki yangu akafungua cha tatu penye mapigano. Kurasa mbili hazikuwepo.

"Weye njo ulisoma," akaniambia. "Alipiga magoti kweli?"

Kurasa zile sikuziona kamwe. Muuza karanga alizichana kufungia karanga kabla kitabu hakijanifikia. Siku niliyofika penye pengo hilo nikisoma, wote walikuwa wamenitolea macho, nikaogopa kunyamaza. Magoti, machozi, jina la mama: nilitunga mimi. Tangu hapo kaka aliyaigiza kila alipomwona rafiki yangu.

"Njo vile, ndivyo," nikasema. "Alipiga magoti."

Rafiki yangu akafunga kitabu, akaingia dukani. Wengine waliendelea kubishana mpaka nikatamani kulala palepale kwenye benchi.

Kesho yake, kabla ya kengele ya kanisa, nilikwenda kwa rafiki yangu. Alikuwa anafagia uwanja. Nilisema nikiangalia ufagio.

"Magoti nilitunga. Kurasa hazikuwepo tangu mwanzo."

Akafagia kidogo tena. "Mwaka muzima bananicheka, na weye ulijua?"

"Nilijua."

"Basi uwaambie. Minyi sitakusemea."

Nyumbani kaka alikuwa anapaka viatu rangi. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama mlangoni. Brashi ikasimama mkononi mwake.

"Sasa Mhunzi alianguka namna gani?"

"Sijui, yaya," nikamjibu kaka.

Alimaliza kiatu cha pili. Kisha akasema kuanzia leo vitabu atasoma yeye, hata kama Kifaransa chake kinakwamakwama, na atakwenda dukani kumwambia yule binti kwamba walimcheka bure. Nikasema ndiyo. Nikavaa, nikamfuata kanisani.