Mashine Iliyokataa Kufa

Bariki hakufundishwa na mtu kuchomelea vyuma. Alijifundisha mwenyewe, kwa kuunguza mikono na kulala mchana kutwa na vipande vya kiazi kibichi juu ya macho, maana mwanzoni aliutazama moto wa welding bila miwani, ujinga wa ujana. Leo ana miaka thelathini na sita, na kuanzia kwao mlimani mpaka Sokon One kule mjini, jembe la trekta au mkokoteni ukivunjika, anaitwa yeye. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Ni kweli, anatunzwa. Ila hawakwambii kwamba anayetunzwa hivyo haachiwi kutoka uwanjani.

Kinachomfunga zaidi ni mashine ya kumenya kahawa ya kikundi cha wakulima wa kijiji. Ni ya enzi za babu zao, ya kasti, chuma kile cha kumimina ambacho mafundi wengi wa mjini hawataki hata kukigusa: ukikiunga leo, kesho kinapasuka pembeni ya ulipounga. Bariki aliipata dawa yake baada ya kuharibu vingi. Anakipasha kwanza kwenye mkaa, anakichomelea kidogo kidogo, kisha anakifukia kwenye majivu ya moto kilale siku mbili, kipoe taratibu. Kikipigwa na baridi kabla ya wakati, utasikia "tii", na kazi yako imekwisha. Kijiji kizima kinalijua sharti hilo. Hata watoto huambiwa wasicheze karibu na majivu ya Bariki.

Sasa mwaka huu Harpreet, ambaye familia yake ina karakana ya matrekta kule mjini, Elerai, tangu enzi za babu yake, aliona jembe lililoungwa na Bariki, akamtafuta mwenyewe.

"Fundi, njoo uanze Jumatatu," alimwambia. "Usipokuja namchukua mwingine, msimu haunisubiri."

Bariki alifurahi. Miaka yote hiyo hajawahi kufanya kazi mahali penye paa.

Jumatano mashine ikavunjika mkono, kahawa mbivu ikiwa imejaa magunia. Mzee Anande, mwenyekiti wa kikundi, akapanda kwa Bariki na fimbo yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wetu ameanguka tena."

Bariki akajikaza, akamweleza habari za Elerai. Mzee akaiegemea fimbo yake.

"Iunge mara hii," akasema. "Ikipasuka, basi imekufa. Tutaazima ya kijiji cha pili mpaka tununue mpya, nawe uende na baraka zetu. Ila ikishika, utatuachaje na kizee kile?"

Ungekuwa wewe ungeondoka tu, najua. Wengi husema hivyo wakiwa wamekaa. Bariki ni kitindamimba, na kwao kitindamimba ndiye anayebaki na boma la baba: kaburi la baba liko migombani, na mama yake, Eunike, yuko ndani. Mtu wa namna hiyo akiondoka bila baraka za wazee, hata salamu za kanisani zinapoa. Kwa hiyo maisha yake yote yakawa yanategemea ufa mmoja.

Ijumaa asubuhi akauunga. Angeweza kuunga vibaya, jamani, nani angejua? Alijaribu. Mkono wake ukakataa. Akajikuta anasafisha ufa mara tatu, kama siku zote, kisha akakifukia chuma.

Jumamosi alfajiri, usiku mmoja tu umepita, manyunyu yakishuka kutoka kilele cha Meru na baridi ile ya Julai inayouma masikio, alichukua beleshi akafukua. Chuma kilikuwa bado hakishikiki. Akakivuta kwa koleo, akakitupa kwenye majani yaliyolowa. Mvuke ukapanda. Akachuchumaa kando yake, akasubiri "tii".

Aliona aibu. Lakini alitaka kuusikia mlio huo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Manyunyu yakamlowesha mgongo, ng'ombe wakaanza kudai majani, naye bado amechuchumaa pale pale. Kilipopoa akakigonga kwa spana. Kikalia mlio mmoja safi, wa chuma kizima. Ikabidi akirudishe mashineni.

Jumapili baada ya ibada, wakati wa matangazo, Mzee Anande alisimama. Akasema mashine imepona hata kabla ya siku zake mbili, jana imemenya tangu saa sita mpaka jioni bila kutetemeka.

"Na maadamu Bariki tunaye," akasema, "mashine mpya ya nini?"

Makofi yakapigwa. Bariki akasimamishwa, akageuka huku na huku akitabasamu. Mchungaji akamwombea Mungu azidi kumweka kijijini. Watu wote wakaitikia amina, na Bariki naye akaitikia.

Njiani kurudi nyumbani, walipofika kwenye mfereji, Eunike akasimama.

"Jana nilikuona kutoka zizini," akasema. "Ulifukua mapema."

"Ndiyo, mama."

"Tangu uanze kazi hii hujawahi."

Mama akavuka mfereji kwanza, kitabu cha nyimbo kwapani, akamgeukia.

"Na haikupasuka."

"Haikupasuka."

"Pole, mwanangu."

Siku ile alikuwa ameshapewa hongera na kanisa zima, na zote aliziitikia kwa tabasamu. Hii pole alishindwa kuiitikia. Akainamisha kichwa, akavuka, wakaendelea kupanda kwenda nyumbani.