Mume Wangu Aliwamwagia Kuku Wali wa Mama Yake

Asalaam aleikum nyote. Admin, nifichie jina na mtaa, maana mawifi zangu wote wanaufuata ukurasa huu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mama wa watoto wawili, naishi Ukunda. Mume wangu ni dereva, hupeleka wageni mahotelini Diani. Tumeoana mwaka wa tisa huu, na nikisema namkinai, nawaomba msinihukumu kabla hamjamaliza kusoma.

Mwaka jana alipimwa akaambiwa sukari imeanza kupanda, apunguze wanga. Nilikuwa wa kwanza kumuunga mkono. Nikapunguza chapati, nikaficha soda. Kisha mgeni mmoja garini mwake akamweleza habari za paleo, yaani kula kama watu wa kale waliokuwa wakiwinda, kabla binadamu hajajua kulima. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kutazama video za mlo huo. Wali haramu, ugali haramu, mbaazi haramu, maziwa haramu. Kitambi kikaisha kweli, wenzake wakamsifu, na sifa zikampanda kichwani.

Nyumba yangu sasa inanuka. Anachemsha mifupa ya ng'ombe jikoni siku mbili mfululizo, mafuta yanaganda meupe kwenye kuta, kwenye vikombe, hata pazia nikilishika linateleza. Asubuhi anapasua mayai mabichi manne anayameza, ute unamning'inia kwenye ndevu. Maini anayatia motoni kidogo tu, akiyakata damu inatiririka kwenye sahani, naye anaipangusa kwa kidole na kukilamba. Pumzi yake inanuka kama embe lililooza. Akinisogelea kitandani nageuka ukutani nikibana pua. Watoto aliwalazimisha wale maini yale, mdogo akatapika mezani, baba mtu akasema, "Mwili unatoa sumu za ugali." Siku hizi nawalisha kwa jirani.

Yote hayo niliyavumilia. Nilimwambia mama yangu mzazi kwamba ni maradhi tu, yatapita.

Jumapili iliyopita akaja mavyaa wangu, mama yake, kutoka kijijini kwao upande wa Vanga. Ni mama mtu mzima, goti linamuuma, na bado analima mpunga. Walikuwa ndiyo kwanza wamevuna. Alikuwa ameamka alfajiri akapika wali wa nazi wa mpunga mpya, akaufunga na sufuria yake kwa leso, akaupakata safari nzima. Nilipompokea ulikuwa bado na uvuguvugu, na ulipofunguliwa watoto walikimbia wenyewe wakakaa mkekani.

Mume wangu akatoka chumbani. Hata shikamoo hakutoa.

"Mama, huu wa nini?"

"Wa kwako, mwanangu. Mpunga mpya huo. Nimesikia umekonda."

"Mimi wali sili. Wali ni sumu. Watu wa kale hawakuwa wakila wali."

Mama akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. "Watu wa kale gani tena? Babu yako alikula wali mpaka siku aliyokufa."

Wallahi sikudhania angefanya alichofanya. Aliinua sufuria, akatoka nayo uani, akawamwagia kuku wali wote. Watoto wakaanza kulia. Akarudi na sufuria tupu, akaiweka mbele ya mama yake. "Hicho ni chakula cha kuku," akasema.

Nami nilisimama mlangoni kama mti. Sikusema neno, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Daktari alimwambia aache wanga, hakumwambia aache adabu.

Mama aliomba maji, akanywa, akaifunga sufuria yake kwa leso ileile, akaniomba nimsindikize stendi. Hakulia. Njiani aliniambia, "Usimgombeze mwanangu. Huyo ana njaa tu." Nikalia mimi.

Alipofika kwake alisema jambo moja tu, kwamba nyumbani kwa mwanawe hatakanyaga tena. Sababu hakuitaja. Kaka yake, yaani mjomba wa mume wangu, ambaye kwao ndiye mwenye kauli, akapiga simu: Jumamosi hii tunatakiwa sote kijijini, na mimi niliyekuwepo nitaulizwa kilichotokea.

Jana mume wangu aliniita. Alikuwa anafyonza mfupa, mafuta yanamchuruzika mpaka kwenye viwiko.

"Ukiulizwa, sema wali ulikuwa umechacha. Nikaumwaga ili watoto wasidhurike."

"Niseme wali wa mama ulichacha? Mbele yake mwenyewe?"

"Mama hatabisha. Namjua, atanisitiri."

Hapo ndipo kiliponipanda kichefuchefu cha kweli, nikakimbilia chooni. Si kwa mafuta yale. Ni kwa kuwa anajua vizuri mama yake atakubali kudhalilishwa mara ya pili ili yeye asiaibike, na hilo ndilo analolitegemea. Nilipotoka akaniongezea, "Ukinivunjia heshima mbele ya mjomba, usirudi hapa."

Jamani, nikisema kweli, mjomba ni mkali, na ukoo mzima utasema mke ndiye aliyemfitini mtu na mamake. Huenda na ndoa ikaisha hapohapo. Nikisema uongo, nitakuwa nimesema umechacha wali ambao mama yule aliulima kwa mikono yake na goti lile bovu, na yeye atakuwa amekaa mbele yangu akinisikiliza, akiinamisha kichwa.

Kesho kutwa ndiyo Jumamosi. Wenye hekima zenu, na nyinyi mama wakwe mnaosoma hapa, niambieni: nitakapoulizwa, kinywa changu kiseme nini?