Mshahara Mmoja, Marubani Wawili

Siku hizi ukitaja rubani, wajukuu zangu wanatazama juu, wanatafuta ndege. Mume wangu hakuwahi kupanda ndege. Alikuwa rubani wa meli, kazi ya watu wa pwani hii tangu kabla ya Mwingereza, na kabla ya Mdachi aliyemtangulia. Meli ya moshi ikija kuchukua mkonge ilisimama nje, mbali, ikapiga honi. Yeye alitoka na mashua, akapanda ngazi ya kamba ubavuni mwa meli, akasimama karibu na nahodha wa Kizungu akimwambia elekea huku, hapo pana mwamba, hapo pana fungu la mchanga, mpaka meli iingie ndani salama. Majina sitataja. Wenye majina wamekufa, na watoto wao bado tunasalimiana sokoni.

Bandari yetu ilikuwa ndogo, kati ya Kilwa na Lindi, na marubani walikuwa wawili tu. Mwenzake mume wangu alikuwa Mmachinga kwa kabila, mtoto wa wakulima wa ndani, aliyekuja pwani akiwa kijana akajifunza bahari mpaka ikamkubali. Mume wangu alizaliwa Kinjumbi, kwa watu ambao hata kutambaa walitambaa mchangani. Basi kutwa walikuwa wakitaniana.

"Mla ming'oko wewe, nani alikuonyesha maji ya chumvi?"

"Alinionyesha baba yako, siku alipokuja kwetu kuomba muhogo."

Ming'oko ni mizizi ya porini, watu wa kule huichimba na kuichemsha. Mume wangu alijifanya hajui hata ladha yake. Mimi niliwaambia, nyinyi mmekosea njia tu, mngezaliwa tumbo moja. Mke wa yule mwenzake alikuwa shoga yangu, mpole, tofauti na mimi. Mimi sikuzaliwa bubu.

Kisha ikaja miaka ya shida. Bei ya mkonge ilianguka huko Ulaya. Sisi Ulaya hatukuijua, lakini homa yake ilitushika sisi. Mashamba makubwa yalifungwa, vibarua wakapita mbele ya nyumba zetu wakirudi makwao kwa miguu, mikeka vichwani, hakuna aliyeimba. Meli zilizokuwa zikija kila mara zikawa moja moja, na nyingine zilipita mbali bila hata kupunguza mwendo.

Siku moja mume wangu alirudi kutoka ofisi ya bandari, akavua koti lake jeupe, akaniambia, "Wamekata."

"Wamekata nini?"

"Nusu ya mshahara."

"Na kazi je, wameikata?"

"Kazi ni ile ile."

"Basi wangepunguza na miamba," nilimwambia. Hakucheka.

Tukaanza kuishi kwa kubana. Vikuku vyangu vilikwenda dukani kwa Mhindi, na mpaka leo sijui viko mkononi mwa nani. Sukari ikatutoka. Koti lake la kazi nililigeuza kola, upande uliochakaa ukaingia ndani, maana rubani hawezi kupanda kwa Wazungu na kola iliyochanika. Lililomuuma zaidi ni kahawa. Mtu wa hadhi yake alitakiwa kuwa na buli barazani alasiri, apitaye anywe. Akaanza kushinda msikitini mpaka magharibi, ili wageni wasimkute nyumbani akiwa mikono mitupu. Watu wakasema, maashallah, yule bwana amekuwa mcha Mungu. Loo! Mimi nilijua ni buli.

Mwenzake naye alikuwa hivyo hivyo, ila yeye alikuwa na wazee shambani. Wakamletea kikapu cha ming'oko, naye akatuletea nusu. Mume wangu alikula ameinamisha uso. Yule mwenzake akakaa anamtazama mpaka alipomaliza, ndipo akasema taratibu, "Haya, mla ming'oko, karibu nyumbani." Tulicheka sote hadi machozi yakatutoka. Ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka cha watu wanne.

Haukupita muda, ofisi ikawaita tena wote wawili. Mzungu hakuwa na maneno mengi, karani ndiye aliyeyatafsiri. Bandari haina meli za kutosha, atabaki rubani mmoja. Nani abaki, nani aende, wakaamue wenyewe na kuleta jibu. Hebu fikiri. Walipewa kisu wakaambiwa wachinjane nyumbani kwao, damu isije ikachafua ofisi.

Wakaja wakakaa kwetu barazani. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nilitaka mume wangu aseme, mimi ni mkubwa kwako, mimi ndiye mwenye bahari hii. Nilitaka kabisa. Nilikuwa na mabinti wawili, wadogo, na kwetu hapakuwa na shamba la kukimbilia. Badala yake nikasikia wanasoma Fatiha, kama watu waliokwisha kuahidiana. Mume wangu aliingia ndani ananiambia, "Tutagawana."

"Mtagawana nini?"

"Mshahara mmoja, nusu kwa nusu. Meli hii yangu, meli ijayo yake."

"Nusu ya nusu! Wewe bwana, watoto wako watakula Fatiha?"

"Mama watoto," alisema, "ningeweza kumla yule mtu, lakini asingeshuka kooni."

Nikanuna siku kadhaa. Lakini kusema kweli, nikimkumbuka leo, namkumbuka akisema maneno hayo.

Ofisi ilikubali, ingekataaje? Mshahara mmoja, watu wawili. Iliweka sharti moja tu: siku ya zamu yako wewe ni mtu wa ofisi, siku isiyo zamu yako ofisi haikujui. Hakuna aliyelitia maanani. Tulidhani ni maneno tu ya Kizungu, wanavyopenda kila kitu kiwe na mpaka.

Tukaishi hivyo. Nilisuka ukili mpaka vidole vikapasuka, jirani akanipelekea mikeka sokoni kuiuza. Waume zetu waliogopa jambo moja tu, nalo ni ofisi kupata kisingizio cha kufunga kazi yenyewe. Meli ikipiga honi ikakosa rubani hata mara moja, wangesema, mnaona, tunaweza kuishi bila wao. Kwa hiyo kila honi lazima iitikiwe.

Ilipiga asubuhi moja wakati wa kusi kali. Zamu haikuwa ya mume wangu, alikuwa amekaa anakula kiporo cha muhogo. Shoga yangu akaja mbio, kanga imemponyoka kichwani, anasema mumewe yuko kitandani na homa, anaweweseka, hawezi hata kukaa. Mume wangu alinawa mikono akavaa koti. Nikamwambia, "Bahari imechafuka, na zamu si yako."

"Nisipokwenda, kesho hatuna zamu, si mimi wala yeye."

Kwenda kule hakukuwa kugumu. Ugumu wa kazi ile ulikuwa hapo pa kuhama, mtu anapotoka mashuani na kushika ngazi. Mashua inapanda na wimbi, inashuka, na ubavu wa meli ni chuma. Wapiga makasia walinieleza baadaye. Alishika kamba, wimbi likaiinua mashua kabla hajavuta miguu, likambana kati ya mashua na chuma. Walimleta juu ya mlango wa chumba cha makasia, amefunikwa tanga. Alikuwa hai. Aliniomba maji, akauliza kama mwenzake amepata nafuu, na kabla ya adhana ya adhuhuri alikuwa amekwisha kufa.

Yule mwenzake alikuja mazikoni na homa yake, anashikiliwa huku na huku. Watu walidhani analia kama watu wanavyolia. Mimi nilimsikia kutoka ndani ya nyumba. Alikuwa akisema neno moja tu, tena na tena, "Zamu yangu, zamu yangu."

Na ofisi ikasema hivyo hivyo! Karani alikuja kunipa pole. Alikuwa mtu mwema, uso umemshuka. Nilipomuuliza watoto wa marehemu watapata nini, akatazama chini. Siku ile zamu haikuwa yake, akasema, kwa hiyo katika hesabu ya ofisi hakuwa kazini. Alikuwa mtu tu aliyepanda mashua. Nilimfukuza. Nilimfukuza kwa maneno ambayo mjane hapaswi kuyajua. Ofisi ilitaka rubani mmoja, na sasa ilikuwa na rubani mmoja, bila kumfukuza yeyote.

Nikakaa eda. Mwisho wa mwezi yule mwenzake, niliyemwita shemeji, alikuja, akasimama nje ya pazia la mlango, akaingiza mkono na kuweka nusu ya mshahara juu ya kizingiti. Mwezi uliofuata vile vile. Hatukusemezana zaidi ya salamu. Kwa nusu ile mabinti zangu walikula. Sikuwa na kingine chochote, wala mzazi, wala shamba, na mume wa kunioa tena asingepatikana katika njaa ile.

Mara ya tatu alipokuja, mkono haukuingia. Nilisikia honi ya meli kutoka nje, na upepo wa kusi ukivuta makuti ya paa, nikajua bahari ikoje.

"Shemeji," akasema, "nimekuja kukuomba radhi. Naiacha kazi."

"Unaachaje? Meli inakuita."

"Siwezi tena. Mara mbili nimepanda bahari ikiwa shwari, na nikishika ile kamba namwona yuko chini yangu. Nikirudi natapika. Leo bahari ni kama ya siku ile. Sipandi."

"Usipopanda watafunga kazi."

"Na wafunge. Nitarudi kwetu nikalime."

"Wewe una kwenu," nilisema. "Na nusu yangu je?"

Akaanza tena kuniomba radhi.

Sikufikiri. Wallahi sikufikiri. Niliinua pazia nikatoka, ndani ya eda, mchana kweupe, na kaniki yangu nyeusi. Alirudi nyuma kama aliyeona maiti imesimama. Nikampita nikatangulia njia ya pwani. Wanawake walitoka milangoni, bibi mmoja akashika kichwa, "Lahaula! Mjane wa juzi!" Nikamwambia, "Tazama, bibi, macho hayalipiwi." Nyuma yangu nilisikia nyayo zake zinanifuata. Nadhani asingefuata mtu mwingine yeyote duniani siku ile.

Pwani, wapiga makasia waligeuza nyuso zao wasinione. Nilisimama maji yakinifika miguuni.

"Panda," nikamwambia.

"Shemeji, naogopa."

"Na mimi naogopa. Panda."

Akapanda. Mashua ikatoka, ikapotea, ikaonekana, ikapotea tena nyuma ya wimbi, mpaka ikafika penye meli. Kutoka pale nilipokuwa, mtu alionekana mdogo kuliko kidole, kitu cheupe chini ya ukuta mweusi. Kile cheupe kikanyanyuka, kikashika ngazi. Kikatulia hapo muda mrefu mno. Kisha kikapanda, polepole, kikaingia juu.

Ndipo nikahisi kanga inanifunika kichwa kutoka nyuma. Alikuwa shoga yangu, mke wake. Alikuwa amekimbia njia nzima, na uso wake wote umelowa machozi. Alinikumbatia akasema, "Ahsante, dada. Ahsante. Umemrudisha mume wangu."

Nilijitoa mikononi mwake, maana wakati mumewe ameshika ile ngazi nilikuwa nimemwomba Mungu naye ateleze, afe kama mume wangu, na sasa nilikuwa namshukuru Mungu huyo huyo kwamba watoto wangu watakula.