Mtoto Alikuwa na Nani

Chuoni wanamwita Daktari. Mtaani ni Mama Pacha. Kazi yake ni kuchunguza maisha ya wanawake waliopata kuandika vitabu, na akifika kwao haulizi habari za vitabu. Anaomba aonyeshwe jiko. Kisha anauliza: ulipokuwa ukiandika, mtoto alikuwa na nani?

Wenzake idarani walimcheka, wakamwita Bibi Afya. Hakujali, ulimi wa kuwajibu anao. Kwa swali hilo amegundua kwamba nyuma ya karibu kila kitabu yuko mwanamke mwingine, shangazi, binamu au yaya, asiyetajwa hata kwenye shukrani. Hiyo ndiyo hoja ya kitabu chake, na ni hoja nzuri.

Lakini mganga hajigangi. Mapacha wake wanalelewa na mdogo wake, aliyekuja kusaidia kidogo walipozaliwa. Sasa wanang'oka meno. Baba yao yupo, ila kazi yake ni ya safari, na akirudi anahesabiwa pamoja na wageni.

Sura ya mwisho ilikuwa mezani mdogo mtu alipoingia, mikono ikiwa na povu la sabuni.

"Dada, nimepata nafasi chuo cha uuguzi. Jumatatu naripoti."

"Jumatatu hii? Si ungoje nimalize sura hii, mdogo wangu? Imebaki kidogo tu."

"Hata mwaka jana ilibaki kidogo. Mwakani watasema umri umenipita."

"Na watoto je?"

"Watoto wana mama yao."

Ukweli usemwe: Daktari alikasirika. Alijiona ameachwa kwenye mataa. Alifumbua mdomo amkumbushe nani aliyemlisha miaka yote hiyo, na maneno yakamkwama, maana alikwisha kuyasikia majikoni mwa watu, wanawake wakimsimulia kauli za waume zao. Aliona aibu. Jumatatu alimbebea begi hadi kituoni.

Kitabu hakijatoka. Mchapishaji amechoka kupiga simu. Anayepiga ni mdogo mtu, Jumapili akitoka zamu.

"Sura imefika wapi, dada?"

"Iko palepale. Mmoja ana homa, mwenzake hataki kulala peke yake."

"Pole, dada."

Hakusema atarudi. Dada mtu, aliyekuwa akingoja aseme, alimuuliza habari za masomo.