Siku Nilipokwenda Kuhani Msiba Wangu

Chekeni tu, nimeshazoea, ila mkimaliza kucheka mnisikilize, maana aibu niliyoipata mimi Sesilia kwenye baridi ya Juni iliyopita sijui kama kuna mwingine hapa Sumbawanga amewahi kuipata, na mpaka leo nikipita sokoni wapo akina mama wa mboga wanaopigana viwiko, "Huyo, huyo, marehemu anapita," nami najifanya nauliza bei ya maharage.

Kazi yangu ni ya steshenari. Nachapa barua za watu, natoa kopi, najaza maombi ya kazi ya vijana, na kompyuta yangu ina ile tabia ya kujifanya mwalimu, ukikosea herufi inakurekebisha. Kwa Kiingereza sina ugomvi nayo, imenisitiri mara nyingi (Kiingereza changu ni cha kuungaunga) na mteja anaondoka akinisifu. Kwenye Kiswahili ndiyo balaa, haikijui hata kidogo, kila neno inalipigia mstari mwekundu, na yupo mzee mmoja wa Mwimbi aliyechungulia kwenye kioo akakasirika kabisa, "Mwanangu, mbona umenikosoa barua nzima? Mimi nimekosa wapi?" Nikamwambia hiyo nyekundu haitoki kwenye karatasi, hakuamini, nilipomchapia akaigeuza karatasi mbele na nyuma akiitafuta.

Simu yangu ni kinyume chake. Simu imenijua mno. Mimi ni katibu wa jumuiya yetu, nilichaguliwa kwa sababu naandika haraka, na kila tangazo kwenye grupu naliandika mimi: ibada iko kwa nani, nani kajifungua, nani kafiwa. Ukiandika maneno yaleyale miaka yote simu inayashika, ukianza neno la kwanza inakuwekea la pili pale katikati, juu ya herufi, unabonyeza, inaleta la tatu, unabonyeza, mpaka tangazo linaisha bila wewe kutumia akili. Nilikuwa najisifia sana hilo jambo. Nilikuwa nawaambia wenzangu simu yangu ingeweza kuwa katibu bila mimi.

Sasa lazima niseme na hili, maana bila hili hamtaelewa kilichonifanya niandike nilichoandika. Nilikuwa mpweke. Kwetu ni Kasanga, kule ziwani, huku juu nililetwa na ndoa, mume wangu akatangulia, binti yangu Neema akapata kazi Dodoma, nikabaki na vyumba viwili nyuma ya nyumba ya watu, tunatumia uwanja mmoja. Namba yangu wanayo watu wote wa jumuiya, lakini kuja kwangu hawaji, ibada ikiisha kila mtu anashika njia yake. Walinijua kwa maandishi. Zilikuwa zinapita jioni nyingi sauti pekee ndani mwangu ikiwa ya redio, na mimi naijibu.

Basi Jumamosi moja asubuhi nikaamka na homa, mwili unatetemeka, upepo wa huku mnaujua, unapita mpaka chini ya blanketi, na hata maji ya uji nikashindwa kwenda kuyabandika. Nikatamani mtu. Sikutaka dawa, dawa nilikuwa nazo, nilitaka mtu tu aingie aseme pole, akae pale kwenye kigoda. Nikashika simu niandike kwenye grupu, "Jamani naumwa, njooni mnione," nikaona aibu. Mtu mzima unaombaje kutembelewa? Watasema Sesi anajililia. Nikafanya uamuzi mmoja mdogo ambao ndio ulioniponza: nikasema niandike kikatibu, kama ninavyowaandikia wengine, "mwenzetu Sesilia anaumwa," ionekane ni taarifa ya jumuiya na siyo mimi ninayebembeleza.

Nikaanza, "Tumsifu Yesu Kristo wanajumuiya," nikabonyeza pale katikati, nikabonyeza, miwani iko mezani chumba cha pili na macho yanatoka machozi ya homa, nikaweka jina langu, nikaendelea kubonyeza, nikatuma, nikameza vidonge, simu nikaiacha bila sauti chini ya mto, nikalala kama gogo.

Wagonjwa, ndugu zangu, watu huwaficha. Katibu hutangaza misiba kuliko magonjwa, na simu yangu ilikuwa inajua hivyo kuliko mimi.

Niliamshwa na kilio. Siyo cha mtoto, ni kile cha akina mama wakiingia msibani, kimoja kinaanza getini na vingine vinakipokea. Nikajua wa nyumba ya mbele wamefiwa, maana bibi yao alikuwa kitandani muda mrefu. Nikasema, Sesi, homa au siyo homa, msiba umeangukia uwanjani kwako utalalaje? Nikajifunga kitenge, nikajitanda blanketi mpaka puani, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka.

Mama yangu, watu! Uwanja umejaa. Wanaume wanasimamisha turubai, kuni zimeshushwa, akina mama wamekuja na unga na maharage kwenye ndoo, Mzee Kasiano mwenyekiti wetu anaelekeza viti vikae wapi. Nami nikaketi kwenye mkeka, nikainamisha kichwa, nikaanza kulia. Nililia kweli (nadhani nilikuwa nayo machozi yangu mengine ya zamani yaliyopata nafasi), mpaka mama mmoja nisiyemfahamu akanipapasa mgongo, "Jikaze dada. Alikuwa mtu mzuri."

Nikamuuliza kwa ndani ya blanketi, "Amekufa saa ngapi bibi?"

"Bibi gani? Ni yule katibu. Sesi wa steshenari."

Nikavuta blanketi mpaka machoni. Mbele yangu Mama Gaudensia, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara ambaye tulikuwa tunasalimiana kwa kupungiana mikono tu, alikuwa analia kwa Kifipa, na mimi wa Kasanga Kifipa chao nakisikia nusunusu, lakini jina langu nililisikia, na nilisikia akisema nilikuwa nakaa peke yangu na yeye alikuwa akiniona kila siku asivuke barabara. Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikafunua blanketi nikasema, "Mama Gaude, mimi nipo."

Sijui niwaelezeje. Mkeka ulibaki na mimi peke yangu. Mama aliyekuwa ananipapasa mgongo aliruka sufuria, turubai likaangukia wanaume waliokuwa wanalishika, kuna aliyepiga ishara ya msalaba kwa mkono wenye mwiko, nami nasimama kuwatuliza, na nikisogea wanarudi nyuma, nikisogea wanarudi nyuma, mpaka Mzee Kasiano akajitokeza taratibu akanigusa bega kwa kidole.

"Ana joto," akawatangazia. "Tena sana."

"Naumwa mzee, shikamoo."

"Marahaba. Sasa ni nani aliyetangaza?" Akatoa simu yake akanisomea, "Tumsifu Yesu Kristo wanajumuiya. Kwa masikitiko napenda kuwataarifu kuwa mwenzetu Sesilia amefariki dunia alfajiri ya leo. Mwili umehifadhiwa hospitali. Msiba uko nyumbani kwake, tufike mapema. Katibu."

"Mzee, katibu si ndiye mimi? Hamkujiuliza marehemu kasaini vipi?"

Akakuna kichwa. "Wengine walisema ndugu yako kashika simu. Wengine wakasema nimeshateua katibu mwingine."

"Kabla hata sijazikwa?"

Watu wakacheka, na nikaona bora wacheke. Lakini nilipoitoa simu chini ya mto mimi sikucheka. Tangazo lilikuwa limeshavuka kwenda grupu la kwaya, likashuka mpaka Kasanga, kaka yangu Januari alikuwa ameshapanda lori la dagaa na mtandao njiani hamna, na Neema alikuwa amenipigia, amenipigia, amenipigia. Nikampigia. Aliposikia sauti yangu alilia tu, alilia kwa namna ambayo niliona haya ya kuwa hai, halafu akaniambia, "Mama, nilikuwa nafungasha nguo nyeusi, nikawa nakumbuka mara ya mwisho nilikupigia lini, sikukumbuka." Nikamwambia usijali mwanangu, una kazi nyingi. Akasema, "Mama, usiniambie hivyo."

Chakula kilikuwa kimeshabandikwa, Mzee Kasiano akasema hakuna kurudisha ndoo, tukala. Januari akashuka jioni na samaki wa kunizikia, migebuka ya ziwani, akanikuta nagawa ugali, akakaa chini kwenye vumbi akanitukana vizuri sana kwa upendo. Siku ile nyumba yangu ilikuwa na watu, nikapewa kigoda karibu na moto, nikauguzwa, wakaambiana mambo mema yangu ambayo walikuwa wamejiandaa kuyasema kaburini. Halafu jua likazama, turubai likakunjwa, kila mtu akashika njia yake, Januari akaondoka na lori lake kwa sababu mzigo haungoji, na mimi nikabaki na jivu katikati ya uwanja na redio.

Nikavaa miwani. Nikaandika herufi moja moja, bila kubonyeza pale katikati: "Mimi Sesi. Bado naumwa. Kesho atakayeweza aje." Zikaja alama za kucheka nyingi na dole gumba nyingi.

Kesho yake nikapanga vigoda vyote. Akaja Mama Gaudensia peke yake, na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, akakaa mpaka jua likahama ukutani, akanung'unikia chumba changu kilivyo baridi. Kwa marehemu walijaa uwanja mzima. Kwa mgonjwa alikuja yeye. Sikuwalaumu wengine, hata mimi nimetangaza wagonjwa wangapi nisiende?

Ukatibu ninao bado, Mzee Kasiano alinikataza kujiuzulu. Nilichoapa ni kimoja, kwamba sitajiandika tena kama mtu mwingine, nikihitaji mtu nitasema mimi nahitaji mtu, na wakinicheka wanicheke. Shida iliyobaki ni simu. Wiki nzima nikiandika jina langu ilikuwa inaniletea pale katikati "amefariki", na kuifuta kichwani mwake sikujua, nikaamua niifundishe upya kama ilivyojifunza mwanzo. Kila jioni namwandikia Mama Gaudensia, "Sesilia yupo." Siku hizi nikiweka jina tu, "yupo" inakuja yenyewe, nabonyeza, natuma, na kutoka ng'ambo ya barabara anajibu neno moja, "Haya," halafu naona taa yake inazimwa.