Mkanda wa Mazishi Haurudishwi Nyuma

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa kwamba ukirudisha nyuma mkanda wa mazishi, marehemu naye anarudi. Nikaamini. Niliamini jinsi ninavyoamini kwamba jua la kesho litatokea upande wa Kilgoris.

Aliyeniambia ni Mkurugenzi, mwenye studio ya picha na video pale Suna. Mimi nilikuwa nimetoka tu darasa la ngumbaru, ile shule ya jioni ya watu wazima, na cheti changu kilikuwa bado kina joto. Studio ilikuwa na kamera mbili. Ya rangi ya fedha ilikuwa ya arusi, nyeusi ilikuwa ya mazishi, na hazikubadilishana kazi hata siku moja, maana hakuna bibi arusi Migori nzima angekubali kutazamwa na jicho lililotazama maiti Jumamosi iliyopita. Mgeni wa kazi alipewa nyeusi. Maiti halalamiki kwamba umemkata kichwa kwenye picha.

Mkurugenzi alinibandika ile kamera begani, nzito kama ndama, akanionyesha vitufe.

"Hiki cha kuanza. Hiki cha kusimamisha. Na hiki chenye mishale miwili inayotazama nyuma, usikiguse."

"Kwa nini, Mkubwa?"

"Ushawahi kuona mkanda ukirudi nyuma? Udongo unatoka shimoni, sanduku linapanda, watu wanatembea kinyumenyume wakilirudisha nyumbani. Sasa wewe ndiye utakuwa umemwita. Akikuuliza unamtaka nini, utamwambia nini?"

Jioni hiyo nikanunua plasta ya kidonda, nikakifunika kile kitufe.

Nyinyi mnaopiga filamu kwa simu hamjui jambo hilo lilinitesa vipi. Kuhariri, yaani kukata vipande vya picha na kuviunga upya, hakuwezekani bila kurudisha mkanda. Kwa hivyo mimi nilihariri kabla ya kupiga. Nilifika kwa wenye msiba asubuhi na mapema, nikasimama uani na kupanga kila kitu kichwani: kwanza mlango, kisha mikono ya mama, kisha jembe. Nikibonyeza, nimebonyeza. Hata kwenye tero buru, ile desturi ya kukimbiza ng'ombe ili kifo kihame boma, wapiga picha wengine walijificha nyuma ya ua na kupiga vipande vipande. Mimi nilisimama katikati ya njia, mara moja tu, ng'ombe labda elfu moja wakinijia na kila mmoja akinitazama mimi.

Muziki nao ulikuwa hivyo hivyo. Wenzangu waliutia baadaye studioni, mimi sikuthubutu. Nilitunga wimbo mapema kwenye kinanda changu cha betri, nikamfundisha Obiero wa Mfangano, mpiga orutu, ile fidla yetu ya waya mmoja. Siku ya mazishi alinifuata nyuma kama kivuli, maiki imefungwa kwenye kola yake. Nikiinua mkono wa kushoto anaanza, nikiushusha ananyamaza. Picha na sauti ziliingia kwenye mkanda pamoja, kama mapacha.

Mikanda niliwakabidhi wenyewe bila kuirudisha. "Kairudisheni nyumbani kwenye deki yenu ya video," niliwaambia, nikatoka mbio. Hakuna familia iliyowahi kunilaumu. Nilijua wanaficha. Mambo kama hayo hayatangazwi.

Mkurugenzi alipofunga studio na kwenda kulima Magunga, aliniachia kamera nyeusi, nikajitegemea. Mpiga picha ni mimi, mtu wa taa ni mimi, mtunzi ni mimi, dereva wa pikipiki ni mimi. Kule Homa Bay, Afisa wa Utamaduni aliomba mkanda mmoja auonyeshe ukumbini. Waliurudisha wao, mimi nikiwa nje nikinunua njugu. Ulipokwisha akanishika bega.

"Omera, ndugu yangu, mbona wewe hukati?"

"Marehemu hakupewa nafasi ya kurudia, Bwana Afisa. Na mimi sijipi."

Akatikisa kichwa kama aliyesikia mahubiri. Tangu siku hiyo nikaitwa fundi wa pumzi moja, kutoka Suna hadi visiwani, na jina hilo nililivaa kama koti la ngozi.

Kisha Obiero akafa. Mazishi yake niliyapiga picha mimi mwenyewe, kule Mfangano. Nyuma yangu hakukuwa na mtu, basi niliuvumisha wimbo wetu kwa mdomo, kamera ikiwa begani. Mkewe, Mama Apiyo, hakuwepo. Alikuwa hospitali Homa Bay, amepasuliwa tumbo. Mkanda ukakaa kwa ndugu wa Obiero, nyumba isiyo na umeme, na umeme ulipofika deki zilikuwa zimeshatoweka duniani.

Sasa nimestaafu. Mwezi uliopita Mama Apiyo alikuja kwangu Suna, mkanda umefungwa kwenye leso.

"Shemeji, mkanda huu umeanza kuota ukungu. Nionyeshe kabla haujaoza."

Nikatoa kamera nyeusi, nikaunganisha waya kwenye runinga, nikatia mkanda. Ulikuwa umesimama mwisho, pale nilipouacha. Nikakwama.

"Wewe endelea tu," alisema. "Watu wote walimuona akishuka kaburini. Mimi tu ndiye sikumuona. Mlango ukilia, nageuka. Miaka yote hii, shemeji. Nimechoka kugeuka."

Ikabidi nimweleze. Nilidhani atakimbia. Akasogeza kiti karibu.

"Kumbe anaweza kurudi?"

"Ndivyo nilivyoambiwa."

"Na kitufe ulikuwa nacho."

"Nilikuwa nacho."

"Toa hiyo plasta."

Nimekimbiliwa na ng'ombe elfu moja, lakini sijawahi kushtuka hivyo. Niliibandua. Akaweka kidole juu ya kitufe. Nikamsihi angoje nimpigie Mkurugenzi, angalau atuambie mtu akirudi anasalimiwa vipi. Nikaweka simu kwa sauti, wote tusikie.

"Kamera gani?" Mkurugenzi aliuliza.

"Ile nyeusi, Mkubwa. Mke wa Obiero ameshaweka kidole kwenye kile kitufe."

"Mwambie mama atoe kidole."

Alitoa.

"Hiyo inatafuna mkanda ikirudi nyuma. Kigurudumu chake kilivunjika kabla hujaajiriwa. Wewe ulikuwa mtu wa kubonyeza kila kitu. Ningesema ni mbovu, ungejaribu kuitengeneza. Nikakuambia kitu ambacho hungejaribu."

Nikakaa chini sakafuni. Kuhariri kichwani, orutu nyuma ya bega langu, fundi wa pumzi moja, lile koti langu lote la ngozi: kigurudumu cha plastiki.

"Ile ya arusi ninayo hapa Magunga," akaendelea. "Inarudisha vizuri. Leteni huo mkanda kesho."

Mama Apiyo akaisogelea simu.

"Kwa hivyo harudi?"

"Harudi, mama," alisema Mkurugenzi. "Utamuona tu."