Kibano cha Bibi

Asubuhi zangu za utotoni zilianza na harufu ya upindo wa kanga. Ulinuka moshi wa maganda ya korosho, mafuta ya nazi na uchachu fulani ambao sikujua ulikotoka, na ulinifikia usoni kabla sijafumbua macho vizuri. Bibi yangu mzaa mama, Bi Somoe, alitupanga barazani wajukuu wanne, akalowesha upindo kwa matone yaliyobaki katika kata, akatufuta tongotongo mmoja baada ya mwingine, kisha akamalizia kwa kujifuta macho yake mwenyewe. Kwetu Kiranjeranje msimu wa korosho ni kiangazi, na kiangazi maji tuliyachota bondeni, kwenye shimo ambalo ulikaa kando yake ukisubiri yajikusanye. Ndoo moja ilikuwa ya kupikia, kunywa na kutawadha. Kuosha nyuso za watoto kwa maji hayo ilikuwa israfu. Bibi hakuwa mchafu. Uani kwake hukuona hata jani. Upindo ule ulikuwa njia yake ya kutupenda bila kumwaga maji.

Msimu ninaousimulia nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa na kazi. Nywele za kope za juu za bibi zilikuwa zimepinda kuelekea ndani, zikimkwaruza jicho kila alipopepesa. Kijijini tuliuita ugonjwa huo vikope, na tuliuhesabu miongoni mwa mambo ya uzee, pamoja na mvi na maumivu ya magoti. Dawa yake ilikuwa kibano cha bati alichokitunza ndani ya kopo tupu la poda. Kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri alitandika mkeka, akalaza kichwa mapajani mwangu, nami nikang'oa. “Mke mwenzangu,” alikuwa akiniambia, kwa utani wa bibi na mjukuu, “ng'oa zote, usinibakishie hata mmoja wa kunisengenya.” Binamu zangu walikuwa wakitwanga au wakibangua korosho, mimi nilikuwa nimesamehewa. Katika nyumba ya watoto wanne na mtu mzima mmoja, maana mama zetu walihamia mashambani hadi mavuno yaishe, nusu saa ya bibi peke yangu ilikuwa mali. Alinisimulia nani alimkataa nani, na kwa nini harusi ya fulani ilivunjika mchele ukiwa tayari jikoni. Nilijiona mtu.

Leo naweza kueleza kilichokuwa kikitokea mapajani mwangu. Vikope, ugonjwa ambao hospitalini wanauita trakoma, huanza utotoni. Vijidudu hutoka jicho hadi jicho kwa vidole, kwa nzi na kwa nguo ya kufutia. Mtoto huwashwa, hutoa tongotongo, hupona, kisha huupata tena. Kila unapokuja huacha kovu dogo upande wa ndani wa kope ya juu. Makovu yakizidi, baada ya miaka mingi, kope hujikunja kama ngozi ya mbuzi iliyoachwa juani, ukingo wake ukavutwa ndani pamoja na nywele zake. Kung'oa hutuliza kwa wiki chache tu, kwa sababu nywele huota tena, na ule unaokatikia njiani huacha kisiki kifupi, kigumu, kinachokwaruza kuliko unywele mrefu. Nyingi nilizozing'oa mimi zilikatikia. Jicho likikwaruzwa sana hufanya kovu jeupe palepale panapopitia mwanga. Weupe huo si mtoto wa jicho, ambaye daktari anaweza kumtoa. Usilolijua ni usiku wa giza, na mimi nilijiona fundi.

Katikati ya msimu ule gari la wataalamu wa macho lilifika, likapiga kambi siku tatu kwenye zahanati. Muuguzi mmoja alipita nyumba kwa nyumba akiwa na tochi na miwani ya kukuzia. Alimkalisha bibi kwenye mwanga, akaibinua kope ya juu kwa kidole kimoja, akatazama, akairudisha. Haikuchukua muda wa kumeza mate mara mbili. Akaeleza kwamba kuna upasuaji mdogo wa kuugeuza ukingo wa kope utazame nje tena, kwamba hakuna kulazwa, na kwamba macho yote mawili bado yalikuwa mazima. “Lakini usingoje, mama,” alisema. “Na hicho kibano kitakuwa hakina kazi tena.” Bibi alicheka. Mimi sikucheka.

Kesho yake bibi alinituma. Jirani yetu wa upande wa msikitini, Bi Mwanajuma, alikuwa amefanyiwa upasuaji asubuhi ile, na bibi alitaka habari ya mtu anayemjua, si ya mtu wa gari. “Nenda kamwangalie, mke mwenzangu. Macho yangu ni wewe. Utakachokiona ndicho uniambie.” Nilimkuta Bi Mwanajuma amekaa kibarazani, jicho moja limefunikwa pamba na plasta, anakula muhogo wa nazi. Machozi yalikuwa yakichuruzika chini ya pamba ile, naye akiyafuta bila kujali. Nilimwamkia shikamoo. “Marahaba, mwanangu. Mwambie bibi yako sindano inauma, kidogo, halafu basi. Mwambie aje kesho kabla hawajaondoka.”

Kutoka kwake hadi kwetu ni mwendo wa kumaliza bibo moja la mkorosho, nami nilikuwa nalo mkononi. Nilitembea nikifikiria Alhamisi. Kama kope zingegeuzwa, mkeka ungetandikwa kwa ajili ya nini? Ningerudi kwenye kinu pamoja na wengine. Niliona wivu juu ya kibano. Sina jina jingine la kuliita jambo lile. Bibi aliponiuliza nimeona nini, nilijibu, “Wamemfunga jicho. Machozi yanamtoka.” Akauliza, “Hakusema kitu?” Nikasema hakusema. Siku ya tatu gari liliondoka. Bi Mwanajuma naye alichukuliwa na binti yake kwenda kukaa Nangurukuru, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kunisuta. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa misimu miwili ya korosho.

Katika misimu hiyo niliendelea kung'oa. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikitazama, mimi ndiye niliyeuona kwanza: weupe mdogo kwenye jicho la kushoto, ukubwa wa punje ya mtama. Sikusema. Ulipofikia ukubwa wa punje ya mchele, bibi alianza kuniomba nimtungie uzi kwenye sindano. Halafu akaanza kugeuza kichwa chote anapotaka kuniona nikiwa upande huo. Niliogopa mpaka nikashindwa kula, na mama aliporudi kutoka shambani alidhani nina minyoo, akanipa dawa.

Gari liliporudi bibi hakumtuma mtu. Alijifunga kanga mbili, akaenda kwa miguu yake, nami nyuma yake. Nilikaa mlangoni nikaona. Walimchoma sindano ya ganzi kwenye kope. Vidole vya miguu vikajikunja mara moja, vikanyooka. Wakachana upande wa ndani wa kope, wakaugeuza ukingo nje, wakaushona kwa nyuzi nyembamba kuliko za kushonea kofia. Kazi nzima, macho mawili, ilikwisha kabla wali haujaiva. Muuguzi akamwambia, “La kulia tumeliwahi, mama. La kushoto halitakuchoma tena, lakini ule weupe ni kovu. Hautoki.” Bibi akajibu, “Alhamdulillahi kwa lililobaki.”

Siku ya kutolewa nyuzi Bi Mwanajuma alikuja kutoka Nangurukuru kumjulia hali. Alikaa mkekani, akatazama jicho la kushoto, akasikitika, kisha akanigeukia. “Si nilimtuma huyu mtoto akwambie, Somoe? Nilimwambia haina neno, uje kesho yake.” Nilikuwa nimeshika sinia la chai. Bibi aligeuza kichwa chote, akaniweka kwenye jicho lake la kulia, akanitazama. Halafu akamwambia shoga yake, “Aliniambia. Mimi ndiye niliyeogopa.” Wakanywa chai. Hatukulizungumza tena, wala yeye wala mimi, hadi alipofariki. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Nyumbani kwetu mjukuu aliyajua majuto yanavyokaa.

Alhamisi iliyofuata, baada ya alasiri, alitandika mkeka. Nilidhani ni wa kuanikia ubuyu. Alilala, akaweka kichwa mapajani mwangu, akafumbua macho yote mawili. Nikamwambia, “Bibi, hakuna cha kung'oa.” Akasema, “Najua, mke mwenzangu. Tazama tu.”

Kiranjeranje ya sasa ina bomba, na shuleni watoto hunawa uso kwenye kibuyu chirizi kabla ya kuingia darasani. Vijana wengi pale hawajawahi kuona kibano kikitumika kwenye kope. Mimi naishi Kilwa Masoko, nina zaidi ya miaka arobaini, na mwaka huu jicho langu la kulia lilianza kuchoma. Muuguzi wa hospitalini, msichana mdogo, aliibinua kope kwa kidole kimoja, akatazama, akairudisha. “Una makovu ya zamani ndani, mama. Nywele tatu zimegeuka. Ulipata vikope utotoni?” Niliusikia puani upindo ule wa kanga: moshi, mafuta ya nazi, uchachu. Nikasema ndiyo. Sikumlaumu mtu. Tulikuwa wanne barazani, na kanga ilikuwa moja.

Nje, kwenye benchi, binti yangu wa miaka tisa alikuwa akinisubiri. Alitaka kujua watanifanya nini, nami nikamweleza yote kama yalivyo: ganzi, kuchanwa, nyuzi, pamba ya siku moja. Akauliza kama inauma. “Sindano inauma,” nikamwambia, “kidogo, halafu basi.” Akatikisa kichwa kukubali, akapokea mkoba wangu, nikasimama kuingia. Ujumbe wa Bi Mwanajuma ulikuwa umefika, ila nyumba si ile.